Nguo za Wana wa Mama Jiwe

Jumanne ya wiki ya kumbukumbu ya waliokufa vitani, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Odile Fritsch alikuwa amepiga magoti nyuma ya kaunta ya ofisi ya meya wa Hirtzwiller, akiigonga hita kwa kisigino cha kiatu, maana hita ile haiwaki mpaka igongwe. Alisikia mlango ukifunguliwa na sakafu ya mbao ikilia. Aliinuka akamwona Bwana Schaal, aliyekuja kulalamika kwamba jirani yake anabadilisha mapipa ya taka. Nyuma ya Bwana Schaal, akijifuta miguu kwenye zulia dogo la mlangoni, alikuwa amesimama yule mama wa jiwe, sanamu ya uwanjani, pamoja na wanawe wawili.

Bwana Schaal aligeuka, akamtazama, kisha akasogea mbele kidogo ili ieleweke nani katangulia. Habari ya mapipa ilichukua robo saa. Mama Jiwe alisubiri zamu yake bila kulalamika. Alikuwa mrefu kuliko kabati la mafaili, na ukungu wa asubuhi ulikuwa ukimtiririka mabegani. Wanawe walikuwa mmoja kila mkono, vichwa vimelala, uchi kama walivyochongwa.

“Karibu, mama. Nikusaidie nini?” Odile aliuliza. Aliuliza kwa lugha ya nyumbani, si ile ya ofisini, kwa sababu mgeni alionekana mtu wa hapa.

“Nataka nguo za hawa,” Mama Jiwe alisema. “Wako uchi tangu mwaka 1921. Kila mwezi wa kumi na moja mnakuja na makoti yenu na skafu zenu, mnasimama mbele yangu, mnatoa machozi, mnakwenda kunywa divai. Hakuna aliyewahi kuvua hata skafu.”

Odile alikumbuka skafu zake zote na akaona haya. Alichukua fomu ya maombi, akajaza. Pale palipoandikwa sababu ya maombi, aliandika: baridi.

Kwa nini wako uchi, hapa Hirtzwiller kila mtu anajua, ingawa kila mtu anajua kivyake. Vita kubwa ya kwanza ilipoanza, vijana wa Alsace, jimbo letu hili la mpakani, walikuwa Wajerumani, wakavaa nguo za Kijerumani na wengi wakafa nazo. Ilipokwisha, wazazi wao walikuwa Wafaransa, na hakuna aliyekuwa amehama nyumba. Wachache waliokuwa wamevuka milima mapema walikufa na nguo za Kifaransa. Baraza la kijiji la mwaka 1921 lilitaka sanamu. Sare ya Kijerumani lisingethubutu kuichonga, na sare ya Kifaransa ingekuwa uongo ambao akina mama wasingeumeza. Mchongaji akaambiwa awavue tu. Chini, juu ya majina arobaini na matatu, likachongwa neno moja, WETU, kwa sababu kikao cha kujadili walikufa kwa ajili ya nani kilivunjika kwa ngumi. Vijiji vingine nchini, jina likisomwa, watoto wa shule huitikia kwamba huyo alikufa kwa ajili ya Ufaransa. Watoto wa hapa huitikia, “Wetu.”

Madiwani walikutana Jumatano saa tano asubuhi. Meya, Gérard Wendling, mkulima wa zabibu mwenye masikio makubwa na haraka ya kula mchana, alisoma ombi na kuuliza kama kuna maoni.

“Mmoja apewe ya Kijerumani, mwingine ya Kifaransa, mambo yaishe,” alisema Bi Huck, mke wa mwoka mikate.

“Yupi apewe ipi?” meya aliuliza.

“Muulizeni mama yao. Si huyo hapo mlangoni?”

Mama Jiwe alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu viti havikumfaa. Aliwatazama wanawe, mmoja, kisha mwingine, kisha wa kwanza tena.

“Nilikuwa najua,” alisema. “Wa kushoto ndiye aliyekuwa… hapana. Ngoja. Mwaka 1940 Wajerumani walirudi na lugha yao, wakanipakia kwenye mkokoteni, wakanitia ghalani kwa Wendling.”

“Kwa babu yangu,” meya alisema, akajinyoosha.

“Kwa babu yako. Panya tele. Miaka mitano nimelala ubavu. Mkono ukifa ganzi nawahamisha, wa huku kule, wa kule huku. Mwaka 1945 nikarudishwa uwanjani, bendera nyingine. Tangu hapo sijui yupi ni yupi.”

“Mama mzima hujui wanao!” Bi Huck alisema.

“Wewe unao wangapi?”

“Wawili.”

“Wavue nguo, wafumbe macho, wapake kijivu. Halafu niambie yupi ni wa mfalme gani.”

Mwalimu mstaafu mmoja alitaka kueleza kwamba wakati wa vita ile Ufaransa haikuwa hata na mfalme, lakini meya alimkatiza kwa sababu ilikuwa imefika saa sita kasoro. Alipendekeza nguo za kijiji chenyewe: suruali na koti la kikosi cha zimamoto kwa mmoja, na suruali na koti la kijani la bendi kwa mwingine.

“Hizo nazo si sare?” mwalimu aliuliza.

“Ni sare, lakini hawa hawajaua mtu.”

“Basi bendi yetu hujaisikia,” Bi Huck alisema.

Pendekezo lilipita kwa kura sita dhidi ya tatu. Mchana, Odile na Bi Huck walikwenda uwanjani na nguo begani. Jiwe halikunji mkono. Walijaribu kushoto, wakajaribu kulia, mpaka Bi Huck, aliyewahi kuwavisha wazazi wake wote wawili kabla ya kuzikwa, akaomba mkasi. Alichana kila kitu nyuma toka juu hadi chini, akawavisha kwa mbele, akavipenyeza pembeni.

“Wafu wote huvishwa hivi,” alisema. “Mbele bwana harusi, nyuma matambara.”

Mama Jiwe alishika vifungo kwa ncha za vidole, kimoja baada ya kingine, akasema ni vizuri. Wapita njia walisema wa zimamoto kapendeza zaidi.

Alhamisi Mama Jiwe alirudi ofisini kushukuru. Alikaa kwenye benchi la wanaosubiri, benchi likavunjika, akaomba radhi na kukaa sakafuni. Kwa kuwa hita ilikuwa imekwisha kugongwa na mle ndani kulikuwa na joto, hakuondoka. Odile aliendelea na kazi. Shada la maua la sherehe lilikuwa limeletwa na utepe wa mtu mwingine, na bendi ilikuwa imepiga simu mara mbili kuuliza mpiga tarumbeta avae nini. Kati ya simu hizo alikuwa akijaza daftari la waliofikisha miaka kumi na sita.

“Unaandika nini?” Mama Jiwe aliuliza.

“Vijana. Kila mtu akitimiza miaka kumi na sita anakuja kuandikwa. Ni sheria. Baadaye wanaitwa siku moja kambini, wanaelezwa mambo ya jeshi, wanaonyeshwa picha za ndege, wanapewa sandwichi, jioni wako nyumbani.”

“Sandwichi ya nini?”

“Ya nyama na siagi.”

“Wangu walipewa soseji,” Mama Jiwe alisema. “Na wao waliandikwa hapa?”

Odile hakuwa amewahi kujiuliza. Alikwenda kwenye kabati la nyuma, akarudi na madaftari manne yenye vumbi, akayafungua juu ya kaunta. La mwaka 1912 liliandikwa Kijerumani. La mwaka 1921, Kifaransa. La mwaka 1942, Kijerumani. La mwaka 1946, Kifaransa. Mwandiko ulikuwa mmoja, umelala kulia, herufi ya F ina mkia mrefu unaopita chini ya jina zima. Chini ya kila ukurasa alikuwa ametia sahihi karani wa kijiji: August Fritsch, kisha Auguste Fritsch, kisha August, kisha Auguste.

“Huyu ni nani?”

“Babu wa baba yangu. Alikaa kwenye kiti hiki zaidi ya miaka arobaini.”

“Nchi zilikuwa zinaondoka, yeye yupo.”

“Mtu alihitajika kuandika,” Odile alisema. Hakujua kama anamtetea.

Walisoma majina ya mwaka 1912 polepole, kwa kuwa Mama Jiwe alitumaini atasikia la mwanawe mmoja au ya wote wawili. Hakutambua. Hakuna aliyewahi kumwambia wanawe wanaitwa nani. Aliwekewa mikononi wakiwa hivyo. Kwenye ukurasa wa mwaka 1942 kulikuwa na majina kumi na moja ya vijana waliotakiwa kwenda kuvaa sare ya Wajerumani waliomtia mama yao wa jiwe ghalani. Kumi yaliandikwa kwa wino wa bluu uliokuwa umefifia. La kumi na moja lilikuwa la wino mweusi, kama limeandikwa siku nyingine. Joseph Fritsch, alizaliwa 1924, mtoto wa karani.

Odile alilijua jina lile. Lilikuwa uwanjani, miongoni mwa majina yaliyoongezwa baadaye. Alikuwa amelipita kila siku akienda kununua mkate, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu alianza kuliandika kwa kalamu kabla halijachongwa. Alisoma tena, herufi kwa herufi, na hakuelewa baba aliwezaje. Alitafuta doa, mkwaruzo, mahali ambapo mkono ulitetemeka. Mkia wa F ulikuwa umenyooka.

“Mwaka huu mko na wangapi?” Mama Jiwe aliuliza.

“Sita. Nimeandika watano.”

“Wa sita vipi?”

“Binti yangu. Clémence.”

“Siku hizi mnaandika na wasichana?”

“Wote.”

“Mmeendelea,” Mama Jiwe alisema. Alimkalisha vizuri yule mwenye koti la bendi. “Usimwandike.”

“Mama, asipoandikwa hafanyi mtihani wa udereva. Hafanyi mtihani wa shule. Ni utaratibu tu. Hakuna anayempeleka popote.”

“Najua. Hata hao ilikuwa utaratibu.” Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake mwavuli. Kisha akainuka, akapita mlango kwa ubavu, akarudi kukaa kwenye jiwe lake uwanjani.

Ijumaa ilikuwa sherehe. Bendi ilipiga, mpiga tarumbeta mmoja akiwa na sweta. Meya alisoma majina, watoto wakaitikia “Wetu,” na safari hii sauti moja nzito iliitikia pamoja nao kutoka juu, jina kwa jina, bila kuruka hata moja. Watu walisema imesaidia, kwa sababu watoto wa mwaka huu wana sauti ndogo. Kisha wakaenda kunywa divai na kula keki ya zabibu kavu ya Bi Huck.

Jumamosi mchana, Clémence aliweka kijiko chini katikati ya supu.

“Mama, hivi cheti changu cha kuandikwa kimeota mizizi huko ofisini?”

“Kuna foleni.”

“Foleni! Hirtzwiller hii? Foleni ya nani, ya Bwana Schaal na pipa lake?”

“Kula.”

“Hata Théo kapata, na yule hajui kulia wala kushoto. Akiambiwa akate kona ataingia kanisani na gari.”

“Unakimbilia wapi na gari?”

“Popote. Mahali ambapo basi linapita zaidi ya mara mbili kwa siku.”

Redioni walikuwa wakizungumza habari za vijana na jeshi, kwa sauti ya upole, kama wanavyozungumza kila siku miezi hii, na neno walilolipenda lilikuwa kukaribisha, si kulazimisha. Clémence alibadilisha stesheni, akaweka muziki. Odile alifungua mdomo amweleze habari za ukurasa wa mwaka 1942, na maneno yaliyotoka yalikuwa kwamba supu inapoa. Aliogopa. Hakujua anaogopa daftari, au jiwe, au mkono wake mwenyewe. Watano wale alikuwa amewaandika bila hata kuweka kikombe cha kahawa chini. Mmoja wao alikuwa mtoto pekee wa mwanamke anayefagia kanisa, na Odile alikuwa amemtania kuhusu picha yake ya kitambulisho.

Usiku ule aliamua kwamba fomu itapotea. Fomu hupotea. Aliamka Jumapili akaona ni ujinga, akapika chakula cha mchana akaona ni busara, na kufikia jioni hakuwa akijua ameamua lipi.

Jumatatu saa tatu, Mama Jiwe alikuwa amekaa sakafuni karibu na hita. Bwana Schaal alikuwa kaunta na picha za pipa lake alizozipiga mwenyewe. Mlango ulifunguliwa, akaingia Clémence na begi la shule, kitambulisho mkononi, kitabu cha familia, cha kumbukumbu za kuzaliwa, mkononi. Alisimama nyuma ya Bwana Schaal. Zamu yake ilipofika, alisogea mbele na kuweka vitu vyake juu ya kaunta kwa adabu.

“Habari za asubuhi, Madamu. Nimekuja kujiandikisha. Sheria inaniruhusu kuja mwenyewe, nimesoma ukutani hapo.”

“Clémence.”

“Ndiyo mimi. Basi linapita baada ya dakika nane.”

Odile alitazama kuelekea kwenye hita. Mama Jiwe alikuwa akimtazama. Alichosema Alhamisi alikuwa amekwisha kukisema.

Odile angeweza kusema kalamu haina wino. Angeweza kusema mtambo umeharibika, aje kesho, aje mwakani. Alimwona binti yake ameinamisha kichwa upande, kama alivyofanya tangu akiwa na miaka miwili akisubiri kuvalishwa viatu, na nje basi lilikuwa linakuja. Alichukua kalamu. Ya bluu ilikuwa imekwisha, kweli ilikuwa imekwisha, aliikwaruza mara tatu pembeni mwa karatasi. Akatumia nyeusi. Aliandika Clémence, akaandika Fritsch, na mkono wake, ambao haukuwahi kufundishwa hivyo na mtu yeyote, uliuvuta mkia wa F ukapita chini ya jina zima, umenyooka. Kisha akapiga muhuri.

“Umeona? Dakika tatu,” Clémence alisema. Aliinama juu ya kaunta akambusu mama yake shavuni, akampungia Mama Jiwe mkono, akakimbia.

Mama Jiwe aliinuka bila haraka. Mlangoni alisimama.

“Una mwandiko mzuri,” alisema.

Saa sita Odile alipofunga ofisi, alimkuta meya uwanjani ameshika kiuno. Mama Jiwe alikuwa amerudi mahali pake, ila amekaa tofauti. Wanawe wote wawili alikuwa amewasogeza kushoto, wamebanana, koti la zimamoto juu ya koti la bendi. Paja la kulia lilikuwa tupu, na mkono wa kulia ulikuwa wazi.

“Kaacha nafasi,” meya alisema.

“Naona.”

“Pangefaa maua. Utanipimia upana, tuagize chungu?”

“Mita moja na sentimita sitini na nne,” Odile alisema. Alikuwa amempima Clémence urefu mwezi wa pili, alipomshonea nguo ya kanivali.

Meya alimsifu kwa jicho lake. Chungu cha urefu huo hakikupatikana popote, hata ng'ambo ya mto Rhine, kwa hiyo baraza liliamua, na Odile akaandika kwenye kumbukumbu za kikao, kwamba nafasi hiyo iachwe wazi kwa matumizi ya baadaye.

Mwezi wa kumi na mbili bendi ilidai koti na suruali yake kwa ajili ya tamasha la Krismasi, na kikosi cha zimamoto kikadai vyake kwa kuwa kuna mkaguzi anakuja. Bi Huck alivitoa, akavishona mgongoni, na vijana wakabaki uchi tena. Meya alisema ombi halikukataliwa, limeahirishwa. Mama Jiwe hakurudi ofisini.

Wiki ya mwisho kabla ya likizo, Odile aliinua kichwa kutoka kwenye kazi akatazama dirishani. Benchi la kituo cha basi lilikuwa limelowa, na Clémence, asiyependa kulowa, alikuwa amepanda juu ya jiwe na kukaa palipo pakavu, pajani kwa Mama Jiwe. Miguu yake ilining'inia. Alikuwa na kijitabu cha alama za barabarani, anasoma midomo ikichezacheza. Mgongo wake ulikuwa umeegemea ule mkono wa wazi. Alienea barabara. Juu wala chini hapakubaki nafasi.

Odile alitoka nje bila koti.

“Shuka hapo. Jiwe baridi, utaumwa.”

“Wala, Mama. Pana joto. Njoo ushike.”

“Nimesema shuka.”

“Basi lenyewe hilo linakuja,” Clémence alisema. Akaruka, akatia kijitabu mfukoni, akaingia ndani ya basi na kukaa upande wa pili, ambako Odile hakuweza kumwona.

Basi lilipopinda kona, Odile aliweka kiganja chake pajani pale. Palikuwa na joto kweli. Hakujua kama ni joto la jiwe au ni la mtoto wake, akasubiri aone kama patapoa, na alisubiri mpaka vidole vikafa ganzi, visijue tena joto wala baridi. Kisha akarudi ofisini. Bwana Schaal alikuwa ndani, na hita ilikuwa imezimika.